Kutabiri sifa za kurithi kwa mimea: mwongozo kamili, kutoka karatasi hadi kitaluni

Chukua chavua ya njegere yenye maua ya zambarau, ipake kwenye ua la njegere yenye maua meupe, kisha panda mbegu zitakazopatikana. Watoto wote watachanua zambarau. Hapatakuwa na mweupe hata mmoja, wala mwenye rangi ya katikati. Waache watoto hao wajichavushe wenyewe, na kwa wajukuu weupe utarudi kwa takribani mmea mmoja katika kila minne. Mtawa Gregor Mendel aliyahesabu haya kwenye bustani ya monasteri mjini Brno (leo ni Jamhuri ya Cheki) kati ya 1856 na 1863, akapata mimea 705 ya zambarau na 224 yenye maua meupe.

Mwongozo huu unaeleza jinsi ya kupata jibu kabla ya kupanda, na baada ya kupanda, jinsi ya kujua kama kitalu kinakubaliana na karatasi. Hesabu yenyewe haizidi kuzidisha sehemu. Kinachowashinda wengi ni kusahau wanatazama kizazi kipi, na kutegemea mimea michache mno. Hayo mawili nitayakalia zaidi.

Chagua sifa inayogawanyika

Si kila sifa inafaa. Wingi wa mavuno, muda wa kukomaa na ukubwa wa tunda kwa kawaida huamuliwa na jeni (maagizo ya kurithi yaliyomo kwenye seli) nyingi kwa pamoja, na udongo, maji na jua nayo huweka mkono. Sifa za namna hiyo zina takwimu zake na hazimo humu. Unachotaka ni sifa ambayo ukiwapa watu wawili mimea ileile waitenge mafungu, kila mmoja kwa wakati wake, mafungu yatalingana.

Njegere zina sifa kadhaa za aina hiyo: ua la zambarau au jeupe, mbegu duara au yenye makunyanzi, mbegu ya njano au ya kijani, mmea mrefu au mfupi. Kwa nyanya, tunda jekundu hutawala tunda la njano (yaani mtoto aliyerithi zote mbili huonyesha wekundu tu, na unjano huwa sifa fichu), na jani la kawaida lenye kingo za msumeno hutawala jani pana linalofanana na la kiazi mviringo. Kwa mahindi, punje ya wanga hutawala punje tamu, ile inayosinyaa ikikauka.

Kwa nini upande mmoja hutawala? Mbegu ya njegere yenye makunyanzi inatoa jibu zuri. Jeni inayohusika hutengeneza kimeng'enya kinachoyapa matawi molekuli za wanga. Kwenye mbegu hizi jeni hiyo imeharibika, kwa hiyo sukari nyingi haigeuki kuwa wanga. Sukari huvuta maji, mbegu huvimba, na ikikauka ngozi yake hubaki kubwa kuliko kilichomo ndani, hivyo hukunjamana. Mbegu yenye nakala moja nzima ya jeni hupata kimeng'enya cha kutosha na huwa duara. Mara nyingi sifa fichu ni kitu cha namna hii: nakala isiyofanya kazi ambayo hujidhihirisha tu pale inapokosa mwenzake mzima. Kumbuka pia kwamba kutawala hakumaanishi kuwa bora wala kuwa kwingi. Mahindi matamu yana sifa fichu, na ndiyo watu wanayoyatafuta.

Hakikisha wazazi ni safi

Mmea una nakala mbili za kila jeni, moja kutoka kwa mama kupitia yai na moja kutoka kwa baba kupitia chavua. Sura mbalimbali za jeni moja huitwa aleli. Mmea wenye aleli mbili zinazofanana nitauita safi, na wenye aleli mbili tofauti nitauita chotara. Vitabu vya biolojia husema homozigoti na heterozigoti.

Mmea wenye sifa fichu ni safi kwa lazima, maana ungekuwa na aleli tawala ungeionyesha. Mashaka yako upande wa sifa tawala: ua la zambarau linaweza kuwa la mmea safi au chotara, na kwa macho hayatofautiani. Kwa njegere dawa ni rahisi, kwa sababu ua hujichavusha kabla halijafunguka. Panda mbegu za mmea mmoja peke yake, tazama watoto, rudia msimu unaofuata. Wakiendelea kuwa wa namna moja, una mzazi wa kuaminika. Mendel alianza na aina 34 za njegere, akazijaribu kwa miaka miwili, kisha akabaki na 22. Hatua hii ndiyo watu huiruka, halafu hushangaa mwishoni kwa nini hesabu zimekataa.

Tahadhari kuhusu mbegu za kununua: mbegu chotara za dukani ni kizazi cha kwanza cha wazazi wawili tofauti. Zinafanana sana zenyewe kwa zenyewe, lakini hazifai kuwa mzazi safi wa jaribio lako. Zinafaa vizuri kama mahali pa kuanzia ukitaka kuona mgawanyiko.

Zipe aleli herufi

Tumia herufi moja kwa jeni moja: kubwa kwa aleli tawala, ndogo kwa aleli fichu. Usitumie herufi ambazo umbo lake kubwa na dogo hufanana, kama C, S, W au Z, maana ukiandika kwa mkono utajichanganya kabla ya ukurasa kuisha. Humu nitatumia A kwa ua la zambarau na a kwa jeupe. R kwa mbegu duara na r kwa makunyanzi. N kwa mbegu ya njano na n kwa kijani.

Muundo wa herufi, kwa mfano Aa, huitwa jenotipu. Kinachoonekana kwa macho, kwa mfano zambarau, huitwa fenotipu. Andika vyote viwili kila mara.

Andika gameti kwanza, jedwali baadaye

Gameti ni yai au chembe ya kiume iliyobebwa na chavua. Seli inapogawanyika kuzitengeneza, jozi ya aleli hutengana, na kila gameti huchukua moja tu. Mmea AA hutoa gameti A pekee. Mmea aa hutoa a pekee. Mmea Aa hutoa A nusu na a nusu, kama sarafu inayorushwa. Andika hayo pembeni ya karatasi kabla ya kuchora chochote. Mwanafunzi anayeingiza Aa nzima kwenye kichwa cha safu ameshapoteza swali.

Sasa chora jedwali la Punnett, lenye jina la Reginald Punnett, mwanasayansi Mwingereza aliyelibuni mwanzoni mwa karne ya 20. Gameti za mzazi mmoja hukaa juu, za mwingine hukaa pembeni. Chotara wawili wakipandishwa, jedwali huwa hivi:

| | A | a |
|---|---|---|
| A | AA | Aa |
| a | Aa | aa |

Vyumba vinne vina uzito sawa. Jenotipu ni AA moja, Aa mbili, aa moja: uwiano 1:2:1. Kwa macho ni zambarau tatu kwa nyeupe moja. Hesabu ya Mendel, 705 kwa 224, ni 3.15 kwa 1.

Hapa pana mtego. Mmea wa F2, yaani wa wajukuu, umechanua zambarau. Je, kuna uwezekano gani kwamba ni chotara? Wengi hujibu nusu, wakitazama vyumba viwili kati ya vinne. Lakini umeshaona ua, na chumba cha aa kimeondoka. Vimebaki vitatu, na viwili kati yake ni Aa. Jibu ni theluthi mbili. Namba hii itarudi tukifika kwenye kuchagua mbegu za kutunza.

Kupandisha kwa mkono

Kwa njegere, tafuta chipukizi la ua lililokomaa kiasi, petali zikiwa bado zimefumba na vifuko vya chavua vikiwa havijapasuka. Lifungue taratibu kwa kibanio chenye ncha nyembamba, ondoa stameni zote 10 (vijiti vinavyobeba vifuko vya chavua) bila kugusa stigma (ncha ya kike inayopokea chavua), kisha futa kibanio kwa spiriti. Chukua ua lililofunguka karibuni la mzazi wa kiume na upake chavua yake juu ya stigma. Funika ua kwa kipande cha kitambaa chepesi, funga uzi wenye kibandiko: mama kwanza, alama ya kuzidisha, baba, tarehe.

Kwa nyanya utaratibu ni huohuo, ila stameni zimeungana kama koni na hutoka kwa mkupuo. Fanya hivyo petali zinapoanza kugeuka njano, kabla hazijakunjuka. Kwa mahindi hakuna upasuaji: funika gunzi kwa mfuko kabla nywele zake hazijachomoza, funika pia mbelewele, na nywele zikitoka mwagia chavua uliyokusanya, kisha funika tena.

Ukiweza kuchagua, mfanye mzazi mwenye sifa fichu awe mama. Ukichavusha ua jeupe kwa chavua ya zambarau safi, kila mtoto wa kweli lazima achanue zambarau. Akitokea mweupe, ujue ua lilijichavusha kabla hujaondoa stameni, na unamng'oa bila majuto. Ukigeuza wazazi, mtoto wa kujichavusha naye atakuwa zambarau, atajificha kati ya wenzake, na ataharibu hesabu ya kizazi kijacho bila wewe kujua.

Unatazama kizazi kipi?

Mbegu iliyo ndani ya ganda ni mtoto, ingawa bado imeshikamana na mama. Rangi ya njano au kijani ya njegere ni rangi ya kotiledoni (zile nusu mbili nene za mbegu), na kotiledoni ni sehemu ya kiinitete, yaani mmea mchanga. Kwa hiyo ukimchavusha mama nn kwa chavua ya NN, mbegu utakazozikuta ganda likikomaa zitakuwa za njano, ilhali mbegu zote ambazo mama huyo alizaa kwa kujichavusha ni za kijani. Umeona F1, yaani kizazi cha watoto, msimu uleule wa kupandisha.

Rangi ya ua haitoi upendeleo huo. Lazima mbegu ipandwe, mmea ukue, uchanue.

Weka kalenda hivi. Msimu wa kwanza unapandisha wazazi, na mbegu unazovuna ni F1. Msimu wa pili unazipanda: mimea iliyosimama ni F1, lakini mbegu zilizo kwenye maganda yake tayari ni F2. Ganda moja la mmea chotara Nn linaweza kuwa na mbegu za njano na za kijani zikiwa zimekaa bega kwa bega. Msimu wa tatu unapanda F2, na hapo ndipo mgawanyiko wa rangi za maua unapoonekana. Kwa sifa za mbegu, basi, uwiano wa 3:1 unauona msimu mmoja mapema kuliko kwa sifa za maua au urefu.

Ngozi ya mbegu inaongeza utata. Ngozi hiyo ni tishu ya mama, wala baba hana hisa ndani yake. Kwa njegere, jeni ileile inayoleta ua la zambarau huleta pia ngozi ya mbegu yenye rangi, wakati mimea ya maua meupe huwa na ngozi isiyo na rangi. Ukimchavusha mama mweupe kwa chavua ya zambarau, mbegu za F1 zitakuwa na ngozi isiyo na rangi, halafu zikipandwa zitachanua zambarau. Asiyejua hili hudhani upandishaji umeshindwa na kuzitupa mbegu nzuri. Ganda la njegere lenyewe, liwe la kijani au la njano, nalo ni la mama.

Mahindi yana faida yake hapa. Kila punje kwenye gunzi ni mtoto wa peke yake, kwa hiyo gunzi moja la mmea wa F1 uliojichavusha lina F2 ya mamia ya watoto, tayari kuhesabiwa mezani bila kupanda chochote. Nikishauri mtu anayeanza na asiye na nafasi kubwa, nitamwelekeza kwenye mahindi ya wanga na matamu. Zingatia tu kwamba sehemu kubwa ya punje, ile akiba ya chakula, hupata dozi mbili kutoka kwa mama na moja kutoka kwa baba. Kwa wanga na utamu haileti shida, lakini kwa punje za njano na nyeupe huweza kufanya unjano ukolee zaidi au kidogo kulingana na idadi ya dozi.

Mmea usioujua: upandishe na fichu

Una mmea wa zambarau usiojua asili yake. Upandishe na mmea mweupe, aa. Ukiwa AA, watoto wote ni Aa, zambarau. Ukiwa Aa, nusu ni zambarau na nusu ni weupe. Mzazi fichu hachangii chochote cha kuficha, kwa hiyo watoto wanaonyesha moja kwa moja gameti za mmea unaouchunguza.

Akitokea mweupe hata mmoja, kesi imekwisha: ni chotara. Wakitoka wote zambarau, inategemea umepanda wangapi. Mmea chotara unaweza kutoa watoto zambarau watupu kwa bahati, na uwezekano wake ni nusu ikizidishwa kwa yenyewe mara idadi ya watoto. Kwa watoto 3 ni 1 kwa 8, na huo si ushahidi wa kutegemea. Kwa watoto 5 ni 1 kwa 32, kwa 7 ni 1 kwa 128. Panda 7 na kuendelea.

Kama hutaki kazi ya kibanio, acha mmea ujichavushe. Ukiwa chotara, kila mtoto ana robo ya kuwa mweupe na robo tatu ya kuwa zambarau, kwa hiyo bahati inachukua muda mrefu zaidi kwisha. Watoto 11 hupunguza uwezekano wa kudanganyika hadi chini ya asilimia 5, na 17 hadi chini ya asilimia 1. Mendel alipanda 10 kwa kila mmea, na kwa idadi hiyo takribani chotara 5 au 6 katika kila 100 hupita wakihesabiwa kuwa safi.

Sifa mbili au zaidi: zidisha, usichore

Vitabu hupenda jedwali la vyumba 16. Lichore mara moja ili uamini, kisha liache. Kama jeni mbili ziko kwenye kromosomu (nyuzi za seli zinazobeba jeni) tofauti, kila moja hugawanyika bila kujali mwenzake, kwa hiyo unazitatua moja moja na kuzidisha majibu.

Chukua RrNn ikijichavusha. Duara ni 3/4, makunyanzi ni 1/4. Njano ni 3/4, kijani ni 1/4. Basi duara njano ni 3/4 × 3/4 = 9/16, duara kijani ni 3/16, makunyanzi njano ni 3/16, makunyanzi kijani ni 1/16. Huo ndio uwiano maarufu wa 9:3:3:1. Mendel alipata mbegu 315, 108, 101 na 32, jumla 556.

Njia hii inang'aa zaidi pale wazazi wasipofanana. RrNn ikipandishwa na rrNn: kwa umbo, nusu ni duara na nusu makunyanzi, kwa rangi, 3/4 ni njano na 1/4 ni kijani. Majibu ni 3/8, 1/8, 3/8, 1/8, na hukuchora chumba hata kimoja. Kwa sifa tatu, AaRrNn ikijichavusha, mtoto mwenye ua jeupe, mbegu duara na ya njano ni 1/4 × 3/4 × 3/4 = 9/64. Mwenye sifa zote tatu fichu ni 1/64.

Sehemu hizo zinakuambia pia upande wangapi. Kupata angalau mmoja wa robo kwa uhakika wa asilimia 95 unahitaji mimea 11. Kwa mmoja wa 1/16 unahitaji 47, na ukitaka uhakika wa asilimia 99 ni 72. Anayepanda 16 akitegemea kumpata yule mmoja atarudi mikono mitupu zaidi ya mara moja katika kila tatu.

Uwiano ukikataa

Kabla ya kulaumu chavua ya jirani, pitia uwezekano huu.

Kuna sifa zisizo na mtawala kamili. Mirabilis jalapa, mmea wa maua wa bustani, nyekundu na nyeupe huzaa watoto waridi, na wajukuu hutoka nyekundu moja, waridi mbili, nyeupe moja. Hapa fenotipu inakuonyesha jenotipu moja kwa moja, kwa hiyo kazi imepungua.

Kuna sifa zinazohitaji jeni mbili kwa pamoja. Mwanasayansi William Bateson na Punnett walipandisha njegere za maua, Lathyrus odoratus, mbili nyeupe zenye asili tofauti, na F1 ikatoka zambarau yote. Kila mzazi alikuwa amekosa hatua moja tofauti ya kutengeneza rangi, na mtoto akapata zote mbili. F2 ilitoa 9 zenye rangi kwa 7 nyeupe: ni 9:3:3:1 ileile, ila makundi matatu ya mwisho yameungana kwa sababu kukosa hatua yoyote humaanisha weupe.

Kuna aleli inayoua ikiwa mbili. Antirrhinum, mmea mwingine wa maua, yenye majani ya dhahabu ikijichavusha hutoa dhahabu mbili kwa kijani moja, maana mche wenye dozi mbili hauna klorofili ya kutosha kuishi. Ukiona 2:1, jiulize kuhusu robo iliyopotea, na uhesabu mbegu ambazo hazikuota au miche iliyokufa mapema.

Kuna jeni jirani kwenye kromosomu moja, ambazo husafiri pamoja. Dalili yake ni kwamba mchanganyiko wa sifa waliokuwa nao wazazi hujitokeza kupita kiasi, na michanganyiko mipya huwa haba. Kila sifa ikihesabiwa peke yake bado inatoa 3:1; kinachovunjika ni kuzidisha.

Na kuna urithi usiopita kwenye kiini cha seli. Mwanabotania Mjerumani Carl Correns alionyesha mwaka 1909 kwamba kwa Mirabilis yenye majani ya mabaka, rangi ya watoto hufuata tawi la mama na chavua haibadilishi lolote. Njia ya kuugundua ni kugeuza wazazi: rudia upandishaji, aliyekuwa mama awe baba. Majibu yakitofautiana kizazi hadi kizazi, fuata upande wa mama.

Pima kwa hesabu, si kwa macho

Mimea 40 ya F2 imetoa 24 zenye rangi na 16 nyeupe. Je, hiyo ni 3:1 iliyoyumba kidogo, au ni kitu kingine? Tumia kipimo cha kai-mraba. Kwa kila fungu, toa idadi tarajiwa kutoka idadi uliyohesabu, ipandishe kwa kipeo cha pili, gawa kwa idadi tarajiwa, kisha jumlisha mafungu yote.

Kwa 3:1, tarajio ni 30 na 10. Tofauti ni 6 kila upande. 36 ÷ 30 = 1.2, na 36 ÷ 10 = 3.6. Jumla ni 4.8. Kwa mafungu mawili mpaka wa kawaida ni 3.84, kwa matatu ni 5.99, kwa manne ni 7.81. Jumla yako imevuka 3.84, kwa hiyo 3:1 ina mashaka. Sasa jaribu 9:7: tarajio ni 22.5 na 17.5, tofauti ni 1.5, na jumla inakuja kama 0.23. Inaingia bila taabu.

Usisherehekee bado. Ukijaribu uwiano mmoja baada ya mwingine hadi upate unaokaa, mmoja wao utakaa. Hatua ya haki ni kuutaka uwiano huo utabiri kitu kipya. Kama kweli ni jeni mbili, F1 ikipandishwa na mmea mweupe uliokosa hatua zote mbili itatoa mmoja mwenye rangi kwa weupe watatu. Kama ni jeni moja, itatoa nusu kwa nusu. Panda uone.

Tumia idadi halisi kila mara, kamwe usitumie asilimia. Asilimia 60 kwa 40 ya mimea 40 na asilimia hizohizo za mimea 400 ni ushahidi wenye uzito tofauti kabisa, na kai-mraba huujua uzito huo pale tu unapoipa namba zenyewe. Na kama tarajio la fungu lolote ni chini ya 5, ongeza mimea kwanza.

Kuchagua mbegu za kuendeleza

Ukitaka sifa fichu, kazi imekwisha F2: mmea wa kwanza mweupe unaouona ni aa, na ukijichavusha hautakugeuka. Ukitaka sifa tawala, theluthi mbili ya mimea inayokuvutia ni chotara. Kujichavusha hupunguza uchotara kwa nusu kila kizazi: nusu ya mimea ya F2 ni Aa, robo ya F3, asilimia 12.5 ya F4, 6.25 ya F5. Ukivuna mbegu kwa mchanganyiko na kuondoa weupe kila msimu, weupe utaendelea kuchungulia kwa miaka.

Njia fupi ni kupima familia. Chagua mimea 8 ya zambarau ya F2. Uwezekano wa kukosa hata mmoja aliye AA kati yake ni kama asilimia 4. Vuna kila mmoja kwenye bahasha yake, usichanganye. Msimu unaofuata panda mbegu 11 za kila bahasha katika mstari wake, jumla mimea 88. Mstari wenye ua jeupe hata moja, bahasha yake iweke kando. Mstari uliochanua zambarau tupu, tunza mbegu zake, kisha panda tena mbegu 6 au 7 zilizobaki kwenye bahasha yake, ili watoto wa mzazi huyo wafike 17 na zaidi. Mwenye vibandiko vilivyosomeka hadi hapa atakuwa na aina safi mwishoni mwa F3.